Mgomba si Ndizi

Watu wengi wa kwetu Kilimanjaro wanajua kulima kuliko wanavyojua kuandika habari za kilimo. Mtu ashikapo jembe mkono wake haukosei: ajua mche wa kung'olewa na mche wa kuachwa, ajua shina lililokwisha kuzaa na chipukizi litakalozaa mwakani. Lakini mtu huyo huyo ashikapo kalamu, vitu vyote vya kihambani huwa kitu kimoja. Aandika "nimepanda ndizi," na "ndizi zimeangushwa na upepo," na "ng'ombe amekula ndizi," na msomaji hajui kilichopandwa, wala kilichoanguka, wala kilicholiwa. Akiulizwa hujibu, "Haidhuru, tumeelewana." Maneno yangu ya leo nia yake ni kuonyesha kwamba yadhuru, na ya kwamba hatukuelewana.

Lugha ya Kiswahili haikutuacha maskini katika jambo hili. Mti umepewa jina lake na tunda limepewa lake. Mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mpera huzaa pera, mparachichi huzaa parachichi, na mgomba huzaa ndizi. Mti ukiwa mmoja huanza kwa m-, ikiwa mingi huanza kwa mi-: mgomba huu umeanguka, migomba hii imeanguka. Mwingereza hutaja mgomba na ndizi kwa neno moja, naye hulazimika kuongeza maneno mengine ili aeleweke; sisi tuna maneno mawili, nasi twalitupa moja! Wazee walisema, "Mgomba haushindwi na mkunguwe." Tazama jinsi walivyopanga maneno. Mgomba ndio unaobeba, mkungu ndio unaobebwa, na ndizi zimo katika mkungu. Badili maneno hayo, sema "ndizi haishindwi na ndizi yake," uone kama imebaki hekima yo yote.

Tena, tunda likibadilika hali, lugha hulibadilia jina. Shambani twauona mpunga, ghalani mchele, mezani wali. Hakuna mtu asemaye amekula mpunga, ila kwa mzaha. Basi kwa nini tukisha kuufikia mgomba, ambao ndio nguzo ya kihamba, tunaandika kama wageni?

Wasomaji wa Injili mnajua habari za mtini ule uliokuwa kando ya njia karibu na Bethania. Bwana aliuendea akitafuta tini, asione kitu ila majani, ukanyauka. Habari hii yote yasimama juu ya neno moja lililotofautishwa na jingine. Mtini ulikuwapo, tini hazikuwapo. Kama wafasiri wangeliandika kama tuandikavyo sisi, wangalisema kwamba aliiona tini, wala hakuona tini, kisha tini ikanyauka. Watoto wa shule wangalicheka, na walimu wao wasingaliweza kuwajibu. Hao wafasiri walijitaabisha kutenga mzabibu na zabibu, mzeituni na zeituni, miti ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho. Sisi twashindwa kutenga mti uliopo nyuma ya jiko.

Lakini labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya vitabu, shambani hayana kazi." Haya, na twende shambani. Tuseme mzee mmoja, akijua kwamba siku zake zimekaribia, aandika karatasi: "Ndizi za upande wa mfereji ni za mama yenu." Mzee afariki. Mjane ashika karatasi yake asema, "Nimepewa upande ule." Wana wasema, "La, mama, ulipewa ndizi za kula. Migomba ni yetu na ardhi ni yetu. Karatasi haikutaja mgomba." Nani ataamua? Ndizi zilizokuwapo siku ile zilikwisha kuliwa zamani. Mgomba haufi kama tunda liishavyo. Shina moja likikatwa, machipukizi yake husimama mahali pake, na mtu aliyepewa migomba amepewa chakula cha miaka yote. Kwa hiyo, baina ya neno "ndizi" na neno "migomba" pana maisha ya mjane. Marehemu alijua maana yake moyoni, lakini moyo wa marehemu hauwezi kuitwa barazani kutoa ushahidi. Kilichobaki ni sarufi yake.

Kwa kahawa kosa letu ni kubwa zaidi. Mmea huu uliletwa mlimani mwishoni mwa karne ya 19, nao mapadre wa Kilema walikuwa katika watu wa kwanza kuupanda. Wachaga waliulima hata wakaunda chama chao mwaka 1925, na ushirika wao mkuu, K.N.C.U., mwaka 1933. Biashara ya kiasi hicho yataka maneno halisi, na maneno yapo: mti ni mbuni, mingi ni mibuni, tunda lake ni buni, kahawa ni kile kilichokwisha kutengenezwa kuuzwa au kunywewa. Nasi twaandikaje? "Kahawa yangu yote imekauka." Je, tumpongeze mtu huyu au tumpe pole? Ikiwa buni zake zimekauka juu ya vichanja, amebarikiwa. Ikiwa mibuni yake imekauka shambani, ameingia katika msiba wa miaka kadhaa. Maneno yake ni yale yale kwa furaha na kwa kilio.

Na magonjwa je? Chulebuni hushambulia buni zingali mbichi. Kutu hushambulia majani ya mbuni. Jina lenyewe "chulebuni" lamwonyesha mtu mahali pa kutazama. Lakini mkulima apelekaye habari kwa bwana shamba kwamba "kahawa inaugua" hakumwambia lo lote. Bwana shamba hajui kama ni jani, au tunda, au shina, au mzizi. Itamlazimu aulize tena, na jibu lingojewe, na katika siku hizo za kuulizana ugonjwa haukungoja.

Sasa na tutazame upatanisho wa maneno, ambao wengine huudharau na kuuita urembo wa walimu. Mtu aandikaye "mbuni wangu amekufa" amemfiwa ndege mkubwa wa nyikani, kwa kuwa "amekufa" ni la kiumbe mwenye uhai wa mnyama; mti husemwa "umekufa." Mtu aandikaye "Mhindi amekauka" kwa herufi kubwa amemtaja mfanya biashara wa mjini Moshi, hali alitaka kusema kwamba mhindi wake umekosa mvua. Mtu aandikaye "kisukari kimeingia kwangu" atapelekewa daktari, kumbe ameleta miche ya ndizi kisukari. Katika "ndizi kisukari" na "ndizi mchare," neno linaloongoza ni ndizi, na yote yanayofuata sharti yalitii: ndizi kisukari hizi zimeiva, si kisukari hiki kimeiva.

Lililo kubwa kuliko hayo ni neno "ua." Ua likiwa la kunusa na kutazama, husemwa "ua limekatwa," na wingi wake ni maua. Ua ukiwa wa kuzunguka mji, husemwa "ua umekatwa," na wingi wake ni nyua. Kwetu mlimani vihamba vimebanana, na ua wa masale ndio mpaka wenyewe. Jirani aliyekata ua lako amekosa adabu. Jirani aliyekata ua wako amegusa urithi wa watoto wako. Herufi chache hizo ndizo tofauti baina ya ugomvi wa dakika moja na kesi ya miaka kumi. Na mtu asiyejali ngeli ameandika mashitaka asiyoyajua.

Kuna jambo jingine lipitalo mali. Katika bustani nyingi upo mnanaa, mmea wa majani ya kunukia yatiwayo katika chai, ule ule ambao Mafarisayo waliutolea zaka. Tena kando ya njia na penye majalala huota mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba. Huu ni sumu, majani yake na mbegu zake. Humkausha mtu kinywa, humpoteza akili, nao waweza kumwua. Majina haya mawili yamepitana kwa herufi moja tu. Mtu akinakili dawa ya tumbo kwa haraka, akaandika mnanaha mahali pa mnanaa, ameandika sumu kwa mkono wake. Je, bado tuseme "haidhuru"? Kila aandikaye dawa ya majani na auandike mmea kwa jina kamili, aeleze jani lake, ua lake, tunda lake na mahali uotapo, wala asiridhike na yale maneno ya uvivu, "majani fulani" na "mti wa dawa."

Sasa kuna watu wa namna ya pili, ambao nao sina budi kuwapinga. Hawa wamesoma kidogo, nao wakiona jina la Kichaga katika maandishi hulifuta, wakisema ni ushamba. Huandika "ndizi za kupika" mahali pa mchare, na "mmea wa mpakani" mahali pa sale. Wanadhani wameisafisha lugha, kumbe wameipunguza. Mchare si kila ndizi ya kupika. Mama yeyote apikaye mtori atakuambia. Wataalamu wa migomba wenyewe hawakuona haya kulichukua jina hilo, nao husema Mchare wakitaja kundi zima la migomba ya kupikwa ya Afrika ya Mashariki. Wao wamelipokea, na sisi wenye nalo twalificha! Na sale je? Mmea huo ambao Mchaga humpelekea mtu aliyemkosea ili kuomba msamaha, kuuita "mmea wa mpakani" ni kuukata ulimi. Jina la kienyeji lisilo na ndugu katika Kiswahili na liandikwe kama lilivyo, lipewe upatanisho wa Kiswahili: sale hili limepandwa, masale haya yamepandwa. Hivyo ndivyo lugha ikuavyo. Padre Sacleux, aliyekusanya mimea ya pwani na kuandika kamusi kubwa ya mwaka 1939, na Bwana Greenway wa Amani, aliyetoa kamusi ya majina ya mimea ya mwaka 1940, walifanya kazi yao kwa kuwauliza wenyeji na kuyaandika majibu yao, wala hawakuyafuta.

Wa namna ya tatu ni wale wapendao kupamba maandishi kwa majina ya Kilatini bila kujua kanuni zake. Kanuni ni chache. Tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753 kila mmea huitwa kwa maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa, la pili ni la spishi, nalo huanza kwa herufi ndogo, hata likiwa limetoka katika jina la mtu au mahali. Kwa hiyo huandikwa Coffea arabica, na Lobelia deckenii, ile ya mlimani juu iliyopewa jina la von der Decken, na Impatiens kilimanjari, ua zuri la msitu wetu, kwa k ndogo ijapokuwa mlima wenyewe una K kubwa. Mwandikaji kwa mkono hupiga mstari chini ya maneno hayo. Tena jina la Kilatini si hadithi ya asili ya mmea: mbuni uliitwa wa Arabuni, na kumbe kwao ni nyanda za juu za Uhabeshi. Jina ni alama ya kuutambulisha mmea, ili mtu wa Moshi na mtu wa Brazili wajue kwamba wanasema juu ya mti mmoja.

Wala mtu asidhani kwamba majina hayo hayana uzito. Mwezi wa Julai mwaka 2024 wataalamu wa mimea walikutana Madrid, wakakata shauri kwamba neno caffra, lililotokana na tusi walilotukanwa Waafrika, liondolewe katika majina ya mimea na mahali pake liandikwe affra. Hivyo mti ule wa miiba upandwao kuwa ua katika nyanda zetu za juu, uliokuwa Dovyalis caffra, sasa ni Dovyalis affra. Herufi moja tu imeondolewa, na watu wa mataifa mengi walisafiri kwenda kuijadili. Hao hawakusema "haidhuru."

Lakini kanuni isigeuzwe kuwa upumbavu. Si kila mmea una majina mawili. Mhogo ni mhogo juu ya udongo na chini yake. Mchicha ni mchicha bustanini na chunguni. Basi mtu asibuni "mkabichi" na "mkaroti" kwa kutaka kuonekana mwanasarufi. Na aseme mche wa kabichi, mche wa karoti, nayo yatosha. Sheria ya lugha hufuata vinywa vya watu wanaoijua, kama mfereji ufuatavyo mteremko wa mlima.

Basi, walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika "miti ya ndizi," msimpitishe kwa kuwa mmemwelewa. Ninyi mmemwelewa kwa sababu mwaijua migomba ya baba yake. Atakayeisoma barua yake kesho hataijua. Nanyi wazazi, mkiandika hati, tajeni mti kwa jina la mti, tunda kwa jina la tunda, na ua kwa ngeli yake. Jembe tumelitunza, twalinoa kila msimu. Kalamu nayo yalima katika shamba lile lile, na ikiwa butu, watakaolala njaa ni watoto wetu.