SHAURI LA JUMA: Mwalimu Anapokwenda Kiwandani

Mama mmoja ametuletea barua yenye uchungu. Mwanawe wa kwanza amesoma kemia hata kufika daraja la udaktari, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Sasa anataka kuacha ualimu aende kiwandani. Mama anauliza kama ng'ombe wa karo waliuzwa bure.

La, mama, hawakuuzwa bure. Lakini swali lako halijibiwi kwa neno moja.

Mwaka 1909 Irving Langmuir alikuwa mwalimu kijana wa kemia katika chuo cha Stevens, mjini Hoboken, Marekani. Udaktari wake aliupata Göttingen, Ujerumani. Huko chuoni vipindi vya kufundisha vilikuwa vingi, na nafasi ya kuchunguza jambo lo lote ikawa haba. Likizo ya mwaka ule akaenda kufanya kazi katika maabara ya shirika la General Electric, mjini Schenectady. Ualimu haukumwona tena. Alidumu katika maabara ile mpaka alipostaafu mwaka 1950.

Mkubwa wa maabara, Willis Whitney, naye alitoka ualimu wa chuo. Alipoitwa mwaka 1900 alianza kwa siku chache tu za juma, huku akiendelea kufundisha. (Mtu wa hadhari, nampenda kwa hilo.) Whitney hakumpa Langmuir orodha ya kazi, bali alimwacha atazame na kuchagua mwenyewe.

Akachagua globu ya taa, zile za zamani zenye waya ndani. Globu hizo ziliingia weusi, nuru ikafifia. Wengi walidhani kosa ni hewa iliyobaki ndani, wakajitahidi kuinyonya yote. Langmuir akafanya kinyume: akatia gesi za namna mbalimbali makusudi, aone kila moja inaleta nini. Zaidi ya mara moja alimwambia mkubwa wake kwamba haoni jinsi uchunguzi huo utakavyolifaa shirika, akaambiwa aendelee. Mwisho akatambua kwamba ule weusi ni waya wenyewe wa tungsteni, unaogeuka mvuke kwa joto na kuganda kwenye kioo. Basi akajaza globu gesi ya naitrojeni kuzuia mvuke, na waya akausokota kama springi usipoteze joto. Taa zikatoa nuru zaidi kwa umeme uleule. Uchunguzi wake juu ya nyuso za vitu ukampatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932, naye yumo kiwandani bado.

Lakini si kila kiwanda kina Whitney. Mara nyingi mwenye mali ndiye achaguaye swali, na jibu huwa lake pia. William Gosset alitoka Oxford akaingia kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, mwaka 1899. Akavumbua njia ya kujua kiasi gani twaweza kutegemea vipimo vilivyo vichache, njia itumiwayo hata leo na waganga na mabwana shamba. Kiwanda hakikupenda watu wake watoe maandishi kwa majina yao, kwa hiyo mwaka 1908 aliichapisha kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi. Wengi wanaoitumia hawajui Gosset ni nani.

Kwa hiyo, mama, mwambie kijana asiulize mshahara peke yake. Kabla ya kutia sahihi aulize nani atachagua kazi yake, na kama ataruhusiwa kuchapisha aliyoyagundua. Hili la pili ni zito, maana vyuo humpima mtu kwa maandishi yake, na aliyekaa miaka mingi bila kuchapisha hupata shida kurudi. Ruhusa hiyo iandikwe katika mkataba, isiwe ahadi ya mdomo.

Na kama anakwenda kwa sababu ya mshahara, ili wadogo zake wasome, asione haya kulisema. Ila muulize kwa upole kama hakimbii ugomvi na wakubwa wake wa chuo. Wakubwa wako na kiwandani.