Lipiko la Babu Limekatiwa Bima?
Tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia pwani ya kusini, wakazi wa Mtwara walihimizwa kutafuta mahali salama. Kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, Mtwara ikanusurika. Lakini katika saa kama zile nani hubeba cherehani ya kushonea vitambaa vya urembo, vinyago vya mpingo, au lipiko, yaani barakoa ya ngoma, lililorithiwa kwa babu? Vitu hivyo vinaweza kuingizwa katika bima ya nyumba na vilivyomo, kwa kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Wengi huumizwa na thamani waliyoiandika. Mwenye mali ya shilingi milioni 10 akiikatia bima ya milioni 5, kisha moto ukateketeza vya milioni 2, kwa kawaida hulipwa milioni 1 tu, maana nusu ya hatari aliibeba mwenyewe. Lipiko la kale halina bei dukani. Lithaminiwe mapema na litajwe kwenye hati, kwani kuandika "mapambo" hakutoshi. Cherehani nayo ikianza kushona vitambaa vya kuuza, bima ya nyumbani huenda isiihusu tena. Na paa la makuti litajwe wazi, kwa sababu kulificha ni kuipa kampuni sababu halali ya kukataa kulipa. Wenye vinyago, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, wavipige picha wiki hii, risiti zikiwepo nazo pia, na nakala zikae kwa ndugu anayeishi mbali na pwani.