Mti wa ukoo wetu una mangi, ila hauna bibi

Wadau, nimerudi mjini. Nilikuwa Same, na zaidi ya Same nilikuwa kule mlimani, upande wa Mamba, tangawizi inakotoka. Nimekula makande mpaka nimekinai, nimepigwa na baridi ya asubuhi, na nimeshuka na jambo moja linalonikera. Nalitoa hapa ili nilale.

Kikao cha ukoo cha Desemba kilikuwa na ajenda mbili. Ya kwanza, kuzindua mti wa ukoo. Ya pili, kugawa mashamba ya marehemu babu. Mti niliuchora mimi. Baba mkubwa alinipigia simu akasema, "Wewe si ndiye mwandishi? Kazi ya kompyuta hiyo ni yako." Nikachora, tukachapisha bango kubwa, vijana wakatengeneza na fulana zenye taji kifuani. Juu kabisa ya bango tukaandika jina la Mranga.

Kwa wasiomjua: Mranga ni mtawala wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga ya leo. Profesa Isaria Kimambo alizunguka milima hii miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya siasa ya Wapare kuanzia kama mwaka 1500. Anaeleza kwamba kwanza walitawala Washana, ukoo wa wahunzi. Angovi wa ukoo wa Wasuya akaongoza mapinduzi, na mwanawe Mranga akaijenga dola upya, akitumia mabaraza na jando la msituni kuwaunganisha watu. Hiyo ni mwanzoni mwa karne ya 16.

Kwa hiyo kama ulidhani unasoma maneno ya mtu wa kawaida anayegombania daladala Mwenge, samahani sana. Unasoma maneno ya mwana wa mfalme.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kutoka kwangu mpaka kwa Mranga bango letu lina hatua kumi. Miaka 500 ukiigawa kwa kumi unapata 50. Maana yake kila mzee wetu alimzaa aliyemfuata akiwa na miaka 50, mmoja baada ya mwingine, bila kukosa. Wapare tuna subira, lakini si kiasi hicho! Ukikadiria miaka 30 kwa kizazi, unahitaji vizazi 17 hivi. Kuna watu saba wamedondoka njiani. Hilo halinishangazi, kumbukumbu za koo huwabeba wakubwa na kuwaacha wa kawaida.

Hesabu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, juu yao wanane. Ukipanda vizazi 17 namna hiyo unafikia nafasi 131,072. Bila shaka wengine wanajirudia, maana milimani kulikuwa na watu wachache. Lakini bango letu, kwa kizazi kile, limeweka jina moja. Moja kati ya 131,072, na tukalivalia fulana.

Waingereza nao wamepita hapa. Mwaka 2016 kipindi kimoja cha BBC kilimwonyesha mwigizaji Danny Dyer, mtoto wa mitaa ya mashariki ya London, kwamba ametokana na mfalme Edward III wa karne ya 14. Nchi ikacheka. Wataalamu wa jenetiki wakasema jambo la kawaida tu: karibu kila mwenye asili ya Uingereza ametokana naye. Dyer aliwazidi majirani zake kwa kitu kimoja, alipata watu wa kumtafutia karatasi.

Sisi je? Utasema milima ya Pare haikuwa chungu kimoja, koo zilijitenga, kila mmoja na msitu wake wa tambiko. Kweli. Lakini koo hizohizo zilikuwa na mwiko: huoi ndani ya ukoo wako. Tafakari mwiko huo unafanya nini. Kila binti wa Mranga ilibidi aolewe nje. Kila mjukuu wa kike, hivyohivyo. Na kila mke aliyeingia alitoka ukoo mwingine, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mabinti wa Washana walioshindwa hawakuwa miongoni mwao. Mwiko ule ulisambaza damu ya watawala kilima hadi kilima, na walioisambaza ni wanawake. Kama Mranga ni babu yangu, inaelekea ni babu wa jirani yangu pia, na mhunzi aliyepinduliwa ni babu yetu sote wawili.

Ningeishia hapo tungecheka tukaenda zetu. Tatizo ni ajenda ya pili.

Nina shangazi. Ndoa yake ilivunjika, akarudi nyumbani na wanawe wawili, na kwa zaidi ya miaka 20 amelima kipande cha tangawizi chini ya nyumba ya babu. Yeye ndiye aliyemuuguza bibi mpaka siku ya mwisho. Kikaoni kipande kile kilipangwa kupewa binamu yangu mmoja wa Dar, aliyewahi kuniuliza kama tangawizi inachimbwa au inachumwa. Shangazi akauliza, "Na mimi?" Mzee mmoja hakumjibu kwa maneno. Aligeuka akanyoosha fimbo kwenye bango. Wewe hapa haupo.

Na kweli hakuwepo. Sikumwandika. Nilipewa orodha ya wanaume nikachora wanaume. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: majina saba kati ya yale kumi nilikuwa nimeyapata kwa bibi, miaka kadhaa kabla hajafa, akiwa jikoni anachagua mahindi. Aliolewa akitokea ukoo mwingine, akawajua wazee wetu kuliko wanawe wanavyowajua. Yeye pia hayupo kwenye bango.

Kuna atakayesema ndiyo mila. Sawa, tuongee mila. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Mwaka huohuo ikatangaza kwa maandishi kanuni za kimila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kwenye urithi zikawaweka mabinti ngazi ya tatu. Mangi akaondoka, ngazi ikabaki. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Hiyo nayo ni sheria ya nchi, na haina taji.

Tena babu zetu wenyewe hawakuwa watumwa wa damu ya kitawala. Januari 1945 maelfu yao waliteremka hadi Same kuikataa kodi ya mbiru, iliyopitishwa na baraza la wamangi wao. Katika vuguvugu hilohilo wanawake wa Usangi nao waliandamana. Hao nao ni wazee wetu. Mbona hatuwavalii fulana?

Sidharau historia ya Mranga. Kwa masimulizi aliyoyakusanya Kimambo, mtu yule anakumbukwa kwa kuunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Kumtumia kumfukuza shangazi shambani ni kumtukana.

Basi nimechora upya. Nimeweka bibi, nimeweka mama zetu na kwao walikotoka, nimeweka shangazi na wanawe. Matawi yamepishana kila upande. Nimempelekea baba mkubwa. Akajibu kwa ujumbe mfupi: "Mwanangu, huu sio mti, ni kichaka."

Ndiyo, baba mkubwa. Ndivyo tulivyo.

Pasaka tunapanda tena mlimani, na kipande kile bado hakijakabidhiwa. Nitakwenda na kichaka changu na nakala ya ile sheria. Msinicheke, Mpare na kesi ni ndugu wa damu.

Na wewe unayejisifia ukoo wako, iwe wa mangi, wa mtemi au wa sultani, nina swali dogo. Mama yake bibi yako mzaa mama aliitwa nani?