Simu Inajua Upepo, Mlango Haiujui

Wadau, leo sina klipu. Niko na maneno tu, na mengi yananihusu mimi mwenyewe. Kama ulikuja kucheka, kaa, utapata cha kucheka.

Mimi ni wa wadi ya Airport, Changamwe. Ndege zikishuka Moi International, sisi tunazisikia kwenye mabati. Tangu niache chuo, riziki yangu iko kati ya pale wageni wanapotokea na mizigo na ufuo wa Port Reitz. Napiga video za bahari, na wageni wanaokuja kuvua wananiuliza swali moja: bahari ikoje wiki hii?

Siku hizi wanaouliza sana ni wale wa fimbo nyembamba. Hawatumii chambo cha ngisi wala dagaa. Ndoana yao imevikwa manyoya, nyepesi kama unyoya wa kuku, na kinachoibeba ni uzito wa mshipi wenyewe unaorushwa mbele na nyuma hewani. Ni uvuvi mzuri kutazama. Lakini upepo ukizidi kidogo tu, umekwisha.

Juni mwaka huu mmoja akaniandikia. Nikafungua simu: upepo kilomita 22 kwa saa, mvua hakuna, rangi ya kijani. Nikamjibu, "Iko poa, njoo." Nikaweka na video juu yake, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi.

Akaja. Nikampokea uwanjani na mkoba wake mrefu wa fimbo begani. Asubuhi yake tukakodi boti ndogo upande wa kusini, tutoke nje ya mwamba. Saa 2 tuko mlangoni. Nahodha akasimama, akatazama yale mawimbi yanavyosimama wima kama ukuta, akageuza boti bila kuniuliza. Tukarudi ndani kwenye maji mafupi. Mgeni akarusha mshipi, upepo ukaurudisha, ndoana ikanasa kwenye shati langu. Akarusha tena, ikanasa kofia yake. Kufika saa 4 maji yamekimbia, boti imekaa juu ya majani ya bahari kama imeegeshwa. Tukangoja jua likituchoma mpaka maji yarudi.

Siku tatu hizo, alipata kikolekole kimoja cha kiganja. Na alinilipa pesa yote. Bora angenitukana.

Nikaenda Port Reitz kwa mzee mmoja ambaye huwa namsalimia tu nikipita na kamera. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Hiyo simu yako ilikwambia upepo. Maji je?"

Nikakaa chini.

Akanianzia na mambo ya nyumbani. "Wewe unakaa Airport, hujaona ndege zinatua zimeelekea wapi?" Ndege hupenda kutua zikiukabili upepo, na njia ile kubwa ya Moi imelala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, karibu na mstari uleule wa pepo zetu mbili. Kaskazi, tuseme Novemba mpaka Machi, bahari imetulia na maji ni safi. Huo ndio msimu ambao Malindi na Watamu wanakimbizana na sulisuli. Kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, bahari inachafuka. Katikati kuna tangambili, upepo haujaamua, na siku zake nzuri ni nzuri kweli.

Halafu akaja kwenye maji. Mvuvi hahesabu tarehe za kalenda ya ukutani, anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua linafuata: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni kama mita 1 tu. Na hapa kwetu bamvua lina saa zake. Maji hujaa alfajiri, yakapwa mpaka kama saa 4 au 5 asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa hesabu mwenyewe: mimi nilimtoa mgeni saa 2 asubuhi, siku ya bamvua, ndani ya kusi. Maji yote ya ndani ya mwamba yanatoka kwa nguvu kupitia ule mlango, na kusi inayasukuma yarudi. Vikigongana, ndipo ule ukuta unasimama. Simu ilisema kijani.

Akaongeza mambo ya manyoya, ingawa hajawahi kushika fimbo ya aina ile. Samaki wa kuwinda kwa macho lazima aone. Masika mto Mwache unaleta matope huku kwenye hori letu, na maji yakiwa kama chai ya maziwa unamrushia nani? Ngoja yasafike. Na usivue maji yakikimbia, vua yakianza kujaa, kolekole wanapopanda juu ya mwamba kufuata vidagaa.

Najua kuna mtu ameshaandika, "Kwani jedwali la maji halipo?" Lipo. Hata Mamlaka ya Bandari hutoa la Kilindini, na programu za simu zinalo. Jedwali litakwambia maji yatapwa saa ngapi. Halikwambii mlango upi unachemka kusi ikivuma na upi bado unapitika, wala ni saa ngapi ugeuze boti. Hayo yako kwenye vichwa vya watu, na watu hao wanazeeka.

Sasa ndio nifike pale pa aibu.

Nilirudi nyumbani, nikapanga yote aliyonifundisha, nikatoa video. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Muuzaji mmoja wa vifaa akanilipa nitaje duka lake. Wageni wawili wakanikodi. Na yule mzee? Nilimwambia shukran. Nikamwambia, "Babu, umevuma mtandaoni." Akacheka, akaendelea kushona wavu.

Chuoni nililipa karo mihula mitatu kusikiliza mtu akinisomea maandishi ya ukutani ambayo ningeweza kuyasoma mwenyewe. Nililipa na risiti nikapewa. Pesa zilipoisha, nikaambiwa nisiingie darasani. Hakuna aliyesema elimu ni ya wote. Lakini mtu aliyenifundisha kitu ninachokula nacho leo, yeye ndiye tunayemwambia, "Aah, ujuzi wa bahari ni wetu sote, wazee hawakuuuza." Kweli hawakuuuza. Lakini hawakuutoa bure pia. Kijana alifundishwa kwa kuvuta wavu, kukumba maji ya mtumbwi, kubeba tanga. Alilipa kwa mgongo. Sisi wa kamera tunachukua ujuzi na mgongo hatutoi.

Usione vyaelea, vimeundwa.

Angalia wenzetu Shelisheli. Kwenye kisiwa cha Alphonse watu wanasafiri kutoka pembe zote za dunia kuvua kwa manyoya haya haya, na analipwa mwongozaji anayejua maji yataingia wapi na saa ngapi. Kwao hiyo ni kazi yenye jina. Huku kwetu anayejua maji anauza kilo mbili za changu, na anayejua kubana simu kwenye fimbo ndiye "mtaalamu wa bahari". Mimi huyo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na wenzangu wa kontenti mnikasirikie mkitaka. Ukitoa ushauri wa bahari kwa mtu atakayeingia majini, muulize kwanza anayeingia majini kila siku, na umlipe. Si zawadi ya Idi. Ni sehemu ya bei, na mgeni aambiwe hivyo. Nami nimeanza: robo ya ninachopata kwa safari inaenda kwake kabla sijagusa yangu. Mara ya kwanza alikataa, "Mwanangu, maji si yangu." Nikamwambia basi ni ya mafuta ya injini. Hayo akapokea.

Sitaki kujifanya mwema. Nina hofu pia. Wanawe wote wawili wako barabarani na pikipiki, na siwalaumu, hela ya siku inaonekana siku hiyohiyo. Lakini yeye akiondoka, mimi na video zangu tutabaki na rangi ya kijani, na safari ijayo pengine nahodha hatakuwa mtu wa kugeuza boti mapema.

Yule mgeni wa Juni ameniandikia tena. Anataka kuja Januari, anauliza bahari itakuwaje. Sijamjibu. Naenda Port Reitz kwanza.