Miche ya michikichi tumepata, mashine je?

Ukikaa na watu wa Kigoma na Ujiji, hakosi mtu wa kukuambia kwamba Malaysia ilichukua mbegu za michikichi kwetu, ikatajirika, nasi tukabaki kununua mafuta kwao. Historia inasimulia vingine: mashamba ya Malaysia na Indonesia yalianzia hasa kwenye miche 4 iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Na hata kama simulizi letu lingekuwa kweli, mbegu peke yake isingewatajirisha. Walijenga viwanda karibu na mashamba.

Tangu mwaka 2018, kwa msukumo wa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, Serikali imelivalia njuga zao hili. Kituo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu ya Tenera, yenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi kuliko Dura ya wazee wetu. Tunashukuru. Wasiwasi wetu ni hatua inayofuata.

Aristoteli alifundisha kwamba kilichomo katika uwezekano hakijitimizi chenyewe. Mkungu wa chikichi una mawese, una mise ya kutengenezea sabuni, una mashudu ya mifugo, una maganda ya kuwashia moto badala ya kukata miti milimani. Bila mashine, mkulima huuza mkungu tu. Vingine vyote ni faida ya mwenye mashine. Wala hawezi kungoja bei nzuri, kwa sababu chikichi ikikaa siku kadhaa baada ya kuvunwa, mafuta yake huharibika.

Wapo wanaosema tumsubiri mwekezaji mkubwa. Aje, tunamkaribisha. Lakini akiwa mnunuzi pekee, bei ataipanga yeye. Papa Pius XI, katika Quadragesimo Anno (1931), alifundisha kanuni ya auni: kinachowezwa na jumuiya ndogo kisinyang'anywe na chombo kikubwa.

Parokia zetu zina jumuiya ndogondogo, watu waliozoea kuchangiana na kuaminiana. Waunde ushirika, waombe ushauri wa SIDO kuhusu mashine, wagawane faida kwa uwazi. Nasi tunaojiandaa kuwatumikia, pamoja na Aristoteli tujifunze pia kusoma daftari la hesabu za ushirika.

Mche wa Tenera huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Mavuno yatukute na mashine.