Hukumu Ikiisha Kukatwa



Mwezi uliopita alinijia mzazi mmoja wa watoto tunaowasomesha hapa Mwanza, mkononi ana bahasha iliyojaa karatasi. Alishindwa shauri la kiwanja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akakata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Sasa ataka kufungua shauri jipya kwa jina la mwanawe, kwa kiwanja kile kile na mtu yule yule, na ng'ombe wawili amekwisha kuwauza kwa ajili ya gharama. Akaniuliza, "Maalim, haki ya mtu hufa?"

Nikamjibu kuwa haki haifi, lakini shauri hufa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai yaikataza mahakama kusikiliza jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya watu wale wale na mahakama yenye mamlaka. Tena mwana anayedai kwa njia ya baba yake huhesabiwa kuwa ni baba yake. Na hoja uliyokuwa nayo mwanzo ukainyamazia, sheria huichukulia kuwa uliisema. Kubadili jina juu ya karatasi, basi, ni kupoteza ng'ombe.

Mashauri ya namna hii hayakosekani katika mji wetu. Watu walijenga juu ya majabali na kandokando ya ziwa kabla ya wapimaji kufika. Halafu barua za toleo zikatolewa, na pengine kiwanja kimoja kikapewa watu wawili. Hapo mahakama hutazama hukumu zilizotangulia, na hukumu ya Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote zilizo chini yake. Mahakama hiyo imeshika kwamba wawili wakigombea kiwanja kimoja, aliyetangulia kukipata kihalali ndiye mwenye haki iliyo bora. Na mwaka 2020, ilipokaa papa hapa Mwanza katika Rufaa ya Madai Namba 35 ya 2019, ilisema mwenye hati hutambuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitike kuwa aliipata isivyo halali. Wala asiye na hati asidhani kuwa hana kitu: mwaka 1994, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri lililotoka Arusha, iliamuliwa kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Bunge haliwezi kumfungia mwananchi mlango wa mahakama.

Haya si mageni kwetu. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliletewa mirathi ya mwanamke aliyeacha mume, mama, ndugu wa kwa mama, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mara ya kwanza hao wa baba mmoja mama mmoja hawakupata kitu. Baadaye likaja shauri mfano wa lile, akawashirikisha. Alipokumbushwa hukumu yake ya kwanza hakuitangua; ile ikabaki kama ilivyokatwa, na hii ikapita kama ilivyokatwa. Fikirini kama angaliwaita wale wa kwanza warejeshe walichokwisha kula na kuuza. Nani angalilala kwa amani juu ya urithi wake?

Lakini aliyeshinda naye asistarehe upesi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitahadharisha kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na huenda mmoja akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe. Basi atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Muhuri wa mahakama wamaliza ugomvi, hauusafishi ushahidi wa uwongo. Hili nawaambia hasa wale wanaowakaririsha mashahidi maneno usiku, na asubuhi wakaenda nao barazani.

Tukahesabu siku tangu hukumu ya Mahakama Kuu: 22. Taarifa ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hupelekwa katika siku 30, kwa hiyo zilibaki 8, naye alikuwa akihangaika na mlango uliokwisha kufungwa. Kisha tukazitazama tarehe. Barua ya toleo ya mwenziwe imeitangulia ya kwake kwa miaka mitatu. Akaitazama muda mrefu asiseme neno. Akazirudisha karatasi ndani ya bahasha, akamwita mwanawe aliyekuwa akingoja nje, wakaenda zao. Lile shauri la jina la mwanawe hakulifungua.