Kipokezi Kisichochakaa na Mtambo Uliozimwa

Kipokezi cha FM cha daraja la juu si sawa na redio ya kawaida ya sebuleni. Ndani yake hamna spika wala kikuza sauti. Kazi yake ni moja tu: kupokea mawimbi yanayoletwa na antena, kuchagua stesheni moja miongoni mwa nyingi, na kuitoa sauti iliyomo ikiwa safi, ili ipelekwe kwenye kikuza sauti kilichowekwa kando. Nchini Norwei, kiwanda cha Tandberg, kilichoanzishwa Oslo mwaka 1933, kilijipatia sifa kwa vyombo vya aina hii, na vipo ambavyo vingali vinafanya kazi majumbani baada ya miaka arobaini.

Maisha marefu kama hayo hayana muujiza. Tofauti na kinasa sauti cha utepe, kipokezi hakina mota inayozunguka wala sehemu zinazosuguana kila kinapotumika. Kinachozeeka ni kapasita zenye majimaji, ambazo joto huzikausha polepole. Ni taa ndogo zinazomulika masafa, ambazo huungua. Na ni saketi zenye koili, ambazo huhama kidogo kidogo kutoka pale fundi alipozirekebisha kiwandani. Masikio ndiyo hutoa habari kwanza: sauti ya msoma habari huanza kukwaruza kila afikapo kwenye herufi “s”. Fundi mwenye vipimo vinavyofaa aghalabu huweza kukirudisha chombo katika hali yake ya awali. Wenye haraka hununua kingine, na hapo hupoteza fedha na chombo pia.

Kosa kubwa zaidi ni kukiunganisha chombo cha thamani na kipande cha waya kinachoning’inia nyuma ya kabati. Katika nchi ya milima kama Norwei, wimbi huifikia nyumba moja kwa moja, kisha hufika tena likiwa limegonga mlima na kuchelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Mawimbi hayo mawili yakikutana huharibiana, na sauti hupotoka. Hakuna kipokezi, hata kiwe ghali namna gani, kinachoweza kuponya kabisa ugonjwa huo. Dawa yake ni antena ya Yagi juu ya paa, iliyoelekezwa sawasawa kwenye mtambo. Richard Sequerra alilitambua hilo alipobuni kipokezi cha Marantz 10B katika miaka ya 1960, akakiwekea kioo kidogo kinachochora umbo la mawimbi. Mwenye chombo aliweza kuizungusha antena huku mwingine akitazama kioo. Walimu wa fizikia wangefurahi kuwa nacho darasani!

Lakini yako maradhi yasiyo na fundi. Tarehe 11 Januari 2017 Norwei ilianza kuzima mitambo ya FM ya stesheni za kitaifa, ikianzia mkoa wa Nordland, na kufikia Desemba mwaka huo kazi ilikuwa imekwisha. Nafasi yake ilichukuliwa na DAB, yaani utangazaji wa kidijitali. Serikali ilieleza kwamba kurusha stesheni ya kitaifa kwa FM kuligharimu mara nane ya DAB, na kwamba katika FM palikuwa na stesheni tano tu za nchi nzima. Katika nchi ya milima na visiwa, hoja hizo si za kupuuzwa.

Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa na upungufu. Ilipima gharama ya mtangazaji, ikaitupa gharama ya msikilizaji, ambaye redio yake ya jikoni, ya garini na ya sebuleni zilikuwa nzima siku ileile zilipokoma kupokea stesheni hizo. Tena iko tofauti ya kitaalamu inayostahili kukumbukwa. Wimbi la FM likidhoofika, sauti huingiwa na mchakato, lakini maneno huendelea kusikika kwa muda. DAB ikidhoofika, sauti hukatika-katika, kisha hunyamaza kabisa. Wakati wa dhoruba, kusikia kwa shida ni bora kuliko kutosikia.

Nchi nyingine hazikufuata njia moja. Shirika la utangazaji la Uswisi, SRG, lilizima FM mwishoni mwa 2024. Uswidi, iliyokuwa na mpango kama huo, iliuweka kando mwaka 2015, na redio yake ya taifa ingali katika FM. Ndani ya Norwei kwenyewe, stesheni ndogo za mitaa nje ya miji mikubwa ziliruhusiwa kubaki. Basi kipokezi kizuri kilichoko karibu na mpaka wa mashariki bado kina kazi. Mwenyewe hana haja ya kubadili chochote ndani yake. Apande tu juu ya paa na kuigeuza Yagi ielekee Uswidi.